Uvimbe wa taya usiouma: tuwaangalie watoto na vijana wetu



Katika somo la leo tutazungumzia uvimbe unaoota ndani ya mfupa wa taya kwa watoto na vijana. Ugonjwa huu si wa kila siku kama malaria au kuhara, na ndiyo maana wengi hatuujui. Mtoto anavimba shavu upande mmoja. Halii, anakula, anacheza mpira. Nyumbani wanasema ni matubwitubwi, mwingine anasema ni jino limeoza, jirani anasema mtoto amerogwa. Miezi inapita. Siku anapoletwa kituo cha afya, mfupa umekwisha kuliwa kwa ndani na uso umeanza kwenda upande.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tulikuwa tunaulizwa sana juu ya uvimbe wa namna hii tukiwatembelea nyumbani, kwa hiyo tuliomba daktari wa meno atufundishe. Somo ni refu kidogo, tuvumiliane. Lakini kama utashika neno moja tu, shika hili: uvimbe wa taya usichanjwe, usichomwe, wala jino lising'olewe kwa kubahatisha, kabla taya halijapigwa picha ya eksirei.

SISTI NI NINI?

Madaktari wanauita uvimbe huu sisti. Ni kifuko chenye ngozi yake, na ndani yake kuna majimaji. Kifuko hiki kinaweza kuota mahali pengi mwilini, lakini taya linapata zaidi kuliko mifupa mingine. Sababu ni meno. Jino linatengenezwa ndani ya mfupa, na baada ya kutengenezwa, mabaki ya ngozi iliyolitengeneza yanabaki pale. Mabaki hayo yakiamka yanaweza kufanya kifuko. Fikiria pia taya la mtoto wa miaka 7: nje unaona meno ya utotoni, ambayo jumla yake ni 20, na ndani ya mfupa meno ya ukubwa yamepangana yakingoja zamu. Mtu mzima atakuwa na meno 32. Pale ndani pamejaa.

Kifuko kinavuta maji polepole na kujaa kama puto. Mfupa unaokizunguka unasukumwa na kuyeyuka kidogo kidogo. Kazi hiyo inachukua miezi, wakati mwingine miaka, na kwa kuwa inakwenda polepole haileti maumivu. Maumivu yanakuja siku uchafu umeingia na kugeuka usaha. Ukikuta mfupa umekuwa mwembamba sana, ukiugusa kwa kidole unabonyea kama ganda la yai. Hapo usiendelee kubonyeza.

HESABU MENO

Njia ya kwanza ya kutambua haihitaji mashine. Mkalishe mtoto penye mwanga, nawa mikono, fungua mdomo wake, na linganisha upande wa kulia na upande wa kushoto. Meno ya ukubwa yanaanza kutoka karibu na miaka 6, kwanza magego ya nyuma na meno ya mbele ya chini. Magego madogo yanatoka kati ya miaka 10 na 12. Chonge za juu zinatoka miaka 11 au 12. Gego la mwisho kabisa linachelewa hadi miaka 17 na kuendelea. Watoto wanatofautiana, na kuchelewa miezi michache si ugonjwa. Lakini kama upande mmoja jino limetoka, na upande wa pili baada ya mwaka bado ni fizi tupu au bado jino la utotoni limeng'ang'ania, tena pale pamevimba, hiyo ni dalili ya maana.

Tuchukue mfano. Mtoto ana miaka 11. Alipokuwa na miaka 7 gego lake la utotoni la chini kulia lilioza. Liliuma wiki mbili, likaacha kuuma, wote wakasahau. Wazazi wengi tunafikiri jino la utotoni halina faida kwa kuwa litang'oka tu. Sasa shavu la kulia limetuna chini. Mama alinunua dukani vidonge vya rangi mbili, akampa siku tatu, uvimbe ukapungua, kisha ukarudi. Akanunua tena. Ukihesabu meno unakuta kushoto gego dogo la ukubwa limekwisha kutoka, kulia bado kuna kile kisiki cheusi.

Picha ya eksirei inaonyesha mambo yote. Kwenye picha mfupa ni mweupe, na sisti ni duara jeusi lenye ukingo mwembamba mweupe. Ndani ya duara hilo kuna kichwa cha jino la ukubwa lililokwama, limesukumwa chini kabisa. Uchafu wa jino bovu la juu uliamsha kifuko kinachozunguka jino la chini. Vile vidonge vilituliza usaha, lakini kidonge hakiwezi kuondoa kifuko chenye ngozi yake. Ndiyo sababu uvimbe unarudi kila mara dawa inapokwisha.

Je, jino lile la ukubwa limepotea? Hapana, na hili ndilo lililotufurahisha zaidi katika mafunzo. Kwa mtoto, daktari anaweza kupiga sindano ya ganzi, kung'oa kile kisiki, na kufungua dirisha dogo kwenye kifuko ili maji yatoke na yasijae tena. Kipande cha ngozi ya kifuko kinapelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini. Anaacha mrija mdogo au kizibo ili dirisha lisizibe. Puto likiisha upepo, mfupa unarudi polepole, na mara nyingi jino lenyewe linapanda na kutoka mahali pake baada ya miezi kadhaa. Njia hii ya dirisha si mpya: daktari Mjerumani Carl Partsch aliieleza tangu mwaka 1892. Kwa mtu mzima, mara nyingi wanatoa kifuko chote pamoja na jino. Mtoto ana bahati ya mfupa unaokua, lakini bahati hiyo inataka awahi.

WATOTO WACHANGA NA HABARI YA "EBINO"

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna watoto wanaokufa bure.

Mtoto mdogo jino linapotaka kutoka, fizi inaweza kutuna na kuwa na rangi ya buluu au zambarau, kama tone la damu chini ya ngozi. Hiyo nayo ni aina ya sisti, ndogo, iko juu ya jino, nje ya mfupa. Inapasuka yenyewe jino likitoka, kwa kawaida baada ya wiki chache. Haitaki kisu. Pia, hata bila sisti yoyote, mahali pa chonge za utotoni fizi ya mtoto mchanga huwa imetuna na kuwa nyeupe, kwa sababu jino liko pale chini. Mtoto mzima kabisa anakuwa hivyo.

Hapa Uganda wanaita vitu hivyo ebino, Tanzania wanaita meno ya plastiki au meno ya nailoni, na imani hiyo iko katika nchi nyingi za jirani. Mtoto ana homa na kuhara, bibi anafungua mdomo, anaona ile fizi iliyotuna, anasema haya hapa ndiyo yanayomwua mtoto. Anaitwa mtu wa kuyachimbua. Anatumia kisu, msumari, au spoku ya baiskeli, bila ganzi, na kifaa kilekile kimetoka kwenye mdomo wa mtoto mwingine. Kinachotolewa si mdudu wala si plastiki. Ni jino changa ambalo bado halijawa gumu, na ndiyo maana linaonekana laini na la ajabu. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda, sumu ya damu, au virusi vya UKIMWI. Akipona, chonge za utotoni hazitoki, na zile za ukubwa zilizo chini yake zinaweza kutoka zimepinda au zisitoke kabisa.

Wazee wetu wanaoshauri hivyo hawana nia mbaya, wanataka mjukuu apone. Tuwajibu kwa heshima. Homa ile na kuhara kule ni kweli vipo, ila vinatoka kwingine: malaria, maji machafu, kifua. Miezi ile meno yanapoanza kutoka ndiyo miezi mtoto anapoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kwa hiyo Koko, tumpeleke mtoto akapimwe malaria leo hii, tumpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na ile fizi tuiache. Kama fizi imekuwa nyekundu sana, inatoa usaha, au mtoto hanyonyi, mwonyeshe mhudumu wa kituo palepale.

SISTI ZISIZO ZA KAWAIDA

Kuna aina nyingine ambazo ni chache zaidi, na nitazitaja kwa sababu matibabu yake ni tofauti.

Ya kwanza ni keratosisti. Hii ni mjanja. Haivimbi nje haraka, inatembea kwa urefu ndani ya mfupa, mara nyingi nyuma kwenye taya la chini kuelekea sikio. Kijana wa miaka 15 au 20 anaweza kuwa nayo kubwa na asijue, ikagunduliwa alipokwenda kwa sababu ya jino lingine. Ndani yake hakuna maji safi, kuna kitu cheupe kama jibini. Ngozi yake ni nyembamba na inachanika, kipande kidogo kikibaki kinaota tena. Wataalamu wenyewe wamebishana juu yake: mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la uvimbe wa kukua, na mwaka 2017 wakairudisha kwenye sisti. Kwa mgonjwa jina si kitu, ila ajue kwamba inaweza kurudi, na kwamba baada ya kutolewa atafuatiliwa miaka. Madaktari wengine wanaifungulia dirisha kwanza ipungue, halafu wanatoa kilichobaki na kupaka dawa ya kuua mabaki.

Mtoto akikutwa na keratosisti mbili au zaidi, daktari atauliza habari za baba, mama na ndugu. Kuna ugonjwa wa kurithi ulioelezwa mwaka 1960 na madaktari wa Marekani, Gorlin na Goltz, ambao unaleta sisti nyingi za taya tangu ujana, pamoja na mbavu zilizogawanyika na vishimo vidogo viganjani. Mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuurithi. Usikasirike ukiulizwa maswali ya ukoo. Si kwamba mnatafutiwa lawama.

Nyingine ni shimo tupu ndani ya mfupa, linaloonekana zaidi kwa vijana wa umri wa shule. Kwenye picha linafanana na sisti, lakini daktari akifungua anakuta hakuna kitu, au maji kidogo tu, na hakuna ngozi. Anakwangua kidogo damu iingie, anafunga, na mfupa unajaa wenyewe. Meno ya pale ni mazima na hayaguswi. Umeona sasa hasara ya kung'oa kwa kubahatisha?

MAMBO YANAYOFANANA NA SISTI NA SIYO

Uvimbe wa Burkitt ndio wa kuogopa kuchelewa. Ulitambuliwa hapahapa Uganda. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, kumwona mtoto wa miaka 5 aliyevimba pembe zote nne za taya, na mwaka 1958 akaandika habari zake. Ni saratani ya watoto, inaonekana zaidi kati ya miaka 4 na 9, sehemu zenye malaria nyingi. Tofauti yake kubwa na sisti ni mwendo. Sisti inahesabiwa kwa miezi, Burkitt inahesabiwa kwa siku. Wiki hii shavu limetuna, wiki ijayo meno yanalegea bila kuoza, jicho linasukumwa nje, au tumbo nalo linavimba. Mtoto kama huyo asingoje siku ya kliniki ya meno. Apelekwe siku hiyohiyo. Inatibika kwa dawa za kutundikiwa kwenye mshipa, na watoto wengi wanapona wakiwahi. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya kutibu uvimbe huu.

Uvimbe wa pili unaitwa ameloblastoma. Kwenye picha unaweza kufanana na sisti kabisa, na unawapata vijana wa Afrika. Kwa kawaida hausambai mwilini, lakini haukomi kukua, na usipotolewa pamoja na sehemu ya mfupa wa pembeni, unarudi. Wale watu tunaowaona wana uvimbe mkubwa kuliko ngumi kwenye taya, wanaojifunika kitenge usoni wakienda kuteka maji, wengine wao walianza na uvimbe mdogo kama harage. Hii ndiyo sababu kile kipande kinapelekwa maabara hata kama daktari anaamini ni sisti ya kawaida. Usikatae kipande kuchukuliwa. Kukata kipande hakusambazi ugonjwa.

Na kabla ya kufungua, daktari anaweza kuchoma sindano kwanza na kuvuta. Maji ya rangi ya majani makavu yanaelekea kuwa sisti. Usaha ni jipu. Ikitoka damu nyekundu kwa nguvu, anasimama, maana kuna uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya mfupa, na kung'oa jino juu yake kunaweza kumwaga damu isiyozuilika. Yule wa sokoni mwenye koleo hachomi sindano kwanza.

UKIPEWA RUFAA

Kituo chetu kikiona uvimbe wa namna hii kitaandika barua ya rufaa. Kwa wakazi wa Nakivale, hospitali ya rufaa ni ya Mbarara. Mwende na karatasi ya familia, barua ya rufaa, na mtu mzima anayeweza kuweka sahihi kwa ajili ya mtoto. Baba akiwa mbali, mzungumze naye mapema, tusije tukarudi kwa sababu ya sahihi. Kama lugha ni shida, sema kituoni mapema ili mtafutiwe mkalimani. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wote wana haki ya kuelewa wanachofanyiwa.

Baada ya dirisha kufunguliwa, kazi inahamia nyumbani, na mama ndiye muuguzi. Chemsha maji, yapoe yawe vuguvugu, tia nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe. Mtoto asukutue kila baada ya kula. Kama mmepewa bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji hayo taratibu ndani ya tundu kama mlivyoonyeshwa, mpaka yanayotoka yawe safi. Chakula kiwe uji, posho laini, maharage ya kuponda. Kizibo kikitoka kirudishwe kituoni haraka, tundu linaweza kuziba kwa siku chache na kazi yote ikaanza upya. Mwambieni mwalimu pia. Taya lenye shimo linaweza kuvunjika kwa kiwiko kimoja cha mpira, kwa hiyo mtoto akae pembeni ya uwanja mpaka daktari aseme.

MASWALI TULIYOULIZWA VIJIJINI

Je, sisti inaambukiza? Hapana. Watumie kikombe kimoja, walale pamoja, hakuna shida.

Je, sisti ni saratani? Hapana. Mara chache sana sisti iliyokaa miaka mingi inaweza kugeuka, lakini kwa mtoto hilo si la kutulalisha macho.

Dawa ya majani inaweza kuikausha? Majani yanayopakwa nje ya shavu hayafiki ndani ya mfupa. Kuchanja ngozi kunaleta kovu na kuingiza uchafu.

Mtoto alitibiwa mwaka jana, shavu limerudi sawa, kwa nini bado anaitwa? Kwa sababu shavu linarudi kabla ya mfupa. Picha ya baada ya miezi sita na ya baada ya mwaka zinaonyesha kama lile duara jeusi linajaa. Aliyekuwa na keratosisti ataitwa kila mwaka kwa miaka 5 au zaidi, na asikose.

Na tukihama? Swali hili lilitoka kwa baba mmoja ambaye familia yake inangoja safari ya nchi ya tatu, na ni swali zuri. Ombeni nakala ya picha ya eksirei na ya majibu ya maabara, mzitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za familia. Jina la sisti na tarehe iliyotolewa viandikwe pia kwenye daftari la matibabu la mtoto. Daktari wa huko mwendako hatakuwa amemwona mtoto alipokuwa amevimba. Atakachokuwa nacho ni karatasi hizo.